Je, mwanao yuko tayari kuogelea na pomboo?

SHULE zikikaribia kufungwa kwa likizo ya Desemba, familia nyingi za Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole huanza kupiga hesabu za safari ya Pwani. Tangu garimoshi la SGR lianze kazi mwaka 2017, Mombasa imekuwa karibu. Kutoka huko watu huendelea hadi Shimoni, kaunti ya Kwale, ambako mashua huwapeleka katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kutazama pomboo. Wengine hufika Kizimkazi, kisiwani Unguja, ambako wageni hushuka majini karibu na wanyama hao. Watoto huwa wa kwanza kuomba washushwe.

Mzazi, usikubali upesi. Pomboo huonekana kama anayecheka, lakini hilo ni umbo la mdomo wake tu. Ni mnyama wa mwituni, mwenye uzani wa zaidi ya kilo 150 na meno makali, naye akizingirwa au akiwa na mtoto wake anaweza kugonga au kuuma. Hata hivyo, pomboo siye hatari kubwa hapa. Hatari kubwa ni maji yenyewe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sisi wa Eastlands hatuhitaji kuambiwa, maana timbo zilizoachwa wazi upande wa Njiru na Kayole hujaa maji ya mvua na kuwameza watoto wetu. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Kinywa kiko majini, hana pumzi ya kuita, na mambo huisha kwa dakika chache huku watu wazima wakipiga gumzo hatua chache tu kutoka alipo.

Je, utajuaje kama yuko tayari? Usitazame umri peke yake. Watoto wengi huweza kufunzwa kuogelea vyema wakifika miaka minne, lakini kufunzwa ni jambo moja na kushuka bahari kuu ni jingine. Mpeleke kwenye kidimbwi, kama kile cha Kasarani, umwangalie katika maji asiyofika chini kwa miguu. Je, anaweza kuelea chali kwa utulivu? Akimwagiwa maji usoni ghafla, anapumua vizuri au anapapatika na kukushika shingo? Anaogelea mita 25 bila kugusa ukuta? Akiitwa mara moja, anageuka? Hilo la mwisho wazazi hulipuuza, lakini baharini mtoto asiyesikia amri ni hatari kwake na kwa anayemfuata. Kama hata moja limemshinda, abaki mashuani. Kwa maoni yetu, aliye chini ya miaka minane abaki mashuani hata akiyaweza yote. Mawimbi, chumvi na kina kisichoonekana mwisho humtisha hata mtu mzima.

Mwenye kifafa asishuke. Mwenye pumu, au sikio linalotoa usaha, aonwe na daktari kabla ya safari. Watoto hupoteza joto upesi kuliko sisi, hata katika maji ya Pwani. Midomo ikigeuka rangi au akianza kutetemeka, mtoe mara moja.

Jaketi la kuokolea maisha ni lazima, hata kwa anayebaki mashuani, na liwe la kipimo chake. Lifunge, kisha ulivute juu kutoka mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Dai jingine, na likikosekana msipande. Yale maputo ya mikononi yanayouzwa ufuoni ni ya kuchezea tu. Msimu nao una maana: wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi.

Ikiwa nahodha anawafukuza pomboo ili wageni waruke mbele yao, mwambie aache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo wa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba mashua za watalii huwapunguzia muda wa kupumzika na wa kutafuta chakula. Mtoto atawaona vizuri zaidi akiwa ameketi, injini imepunguzwa, nao wakija wenyewe.

Na ajali ikitokea, usimning'inize mtoto kichwa chini wala usimkande tumbo ili atapike maji. Ikiwa hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano. Asipozinduka, mkandamize kifua mara 30, pumzi mbili, na uendelee hivyo hadi msaada ufike. Akizinduka, bado apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema yu mzima.