Mikate midogo ya maziwa ya kuganda: tupike nyumbani, kiisha tupige hesabu



Hapa Tenke reli inagawanyika: njia moja inaenda Kamina, nyingine Kolwezi na Dilolo. Mahali watu wanapopita njo mahali mkate unauzwa. Lakini ngano haitoki katika mashamba yetu. Inafika kwa gari kubwa au kwa treni, na usafiri ukipanda, bei ya unga inapanda nayo. Mihogo tunayo. Kwa hiyo tunawaletea mkate ambao hauombi ngano tupu, wala hamira, wala kungoja.

Unatoka Kusini mwa Marekani. Kule wakulima walitengeneza siagi nyumbani, wakabaki na maziwa machachu. Waliyakandia unga pamoja na bikabonati. Uchachu ukikutana na bikabonati, hewa inatoka na kuinua mkate palepale. Mkate mrefu unataka unga unaovutika, na mihogo haivutiki. Huu mdogo unataka unga laini, kwa hiyo mihogo kidogo haiuharibu.

Vitu vya kutafuta (mikate 20 hivi, gobele ni ya robo lita)

- Unga ya ngano gobele 4, unga ya mihogo gobele 1. Mihogo iwe imelowekwa na kukaushwa vizuri, kwa sababu mihogo michungu isiyolowekwa ina sumu.
- Levire ya keki vijiko vikubwa 2 na nusu. Si hamira ya mkate.
- Bikabonati nusu ya kijiko cha chai, chumvi vijiko vya chai 2.
- Margarine gramu 200.
- Maziwa ya kuganda gobele 2 kasoro kidogo.

Kama hamna ng'ombe, koroga maziwa ya unga na maji yaliyochemshwa, tia vijiko vikubwa 2 vya ndimu, ngoja dakika 10. Maziwa mabichi ya ng'ombe yachemsheni kwanza, kiisha yagandishwe: yanaweza kuleta brucellose na kifua kikuu.

Namna ya kufanya

Changanya vitu vyote vikavu. Margarine iwe baridi: usiku ifungeni katika kitambaa chenye maji, asubuhi mapema mfanye kazi. Ivunjeni ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ibaki vipande kama maharagwe madogo. Vipande hivyo vikiyeyuka ndani ya moto njo vinatenganisha mkate tabaka tabaka. Vikiyeyuka mkononi, mkate unakuwa jiwe.

Mimina maziwa, koroga kidogo tu. Usikande kama mkate wa hamira! Tandaza kwa mkono unene wa vidole viwili, kunja mara tatu, kata kwa gobele bila kuizungusha.

Kama hakuna furu, tumia sufuria nzito juu ya mbabula: mchanga mkavu chini, sahani ya chuma juu yake, mikate juu ya sahani. Makala machache chini, mengi juu ya kifuniko. Sufuria ipate moto kwanza. Baada ya dakika 15 anza kuangalia. Mikate iliyoiva ina rangi ya kahawia juu, na ndani haina unga mbichi.

Kabla ya kukopa mfuko mzima

Wengine wanachukua mfuko wa ngano kwa deni, wanauza siku tatu, faida haionekani, na deni linabaki kwa koperative. Sisi tunasema: pikeni mara moja kwanza. Andikeni bei ya unga, margarine, levire, maziwa, makala na usafiri. Jumla igawanyeni kwa mikate iliyofika sokoni peke yake. Iliyoungua haihesabiwi, wala ile watoto walikula.

Kama mkate mmoja unawagharimu karibu sawa na bei ambayo mnunuzi anakubali, msiuze. Pikieni watoto nyumbani. Kama kunabaki kitu, leteni karatasi hiyo kwenye mkutano, wote waione, kiisha muamue pamoja kuhusu mfuko.