Wiki 13 hapa, wiki 13 kule: Kazi ya wateknolojia wa maabara wanaozunguka Marekani

Na Mwandishi Wetu

WAUGUZI wanaozunguka hospitali za Marekani kwa mikataba ya muda mfupi wanafahamika kwa wasomaji wengi wenye ndugu huko. Wasiofahamika sana ni wenzao wa maabara, ambao nao hufunga virago kila baada ya wiki 13 na kuhamia hospitali nyingine, pengine katika jimbo jingine kabisa.

Malipo yanayotajwa katika matangazo ya kazi hiyo ni makubwa, na ndiyo maana vijana waliosomea maabara Dar es Salaam na Nairobi huiulizia. Hata hivyo, fedha hizo zina masharti ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa, na kazi yenyewe ina hatari inayomgusa pia mgonjwa ambaye mteknolojia huyo hatamwona kamwe.

Marekani ina zaidi ya wataalamu 300,000 wa maabara za tiba, lakini hawatoshi. Vyuo vinavyowafundisha vimepungua sana tangu miaka ya 1970, huku walioajiriwa zama hizo wakistaafu. Maabara ya hospitali haifungwi usiku wala sikukuu. Mtu mmoja akienda likizo ya uzazi au akiacha kazi, zamu yake lazima ijazwe, na hapo ndipo hospitali inapompigia simu wakala wa ajira.

Kisheria, mwajiri ni wakala. Hospitali humlipa wakala kwa saa, naye huondoa fungu lake na kumlipa mteknolojia. Wiki 13 ni robo ya mwaka, na mkataba unaweza kuongezwa pande zote zikiridhia.

Watu wa fani hii hupenda kusema kwamba asilimia 70 ya uamuzi wa madaktari hutegemea majibu ya maabara. Takwimu hiyo imerudiwa mno bila utafiti wa kuithibitisha, na ni vema ikapokewa kwa tahadhari. Lisilo na ubishi ni kwamba hakuna hospitali inayoweza kuendesha upasuaji mkubwa au kitengo cha dharura bila maabara iliyo macho.

Damu ileile, mashine nyingine

Ugumu wa kazi hii huanza siku ya kwanza. Hospitali moja hutumia mashine za Roche, nyingine za Abbott, nyingine za Beckman Coulter. Programu za kompyuta za kupokea sampuli na kutuma majibu nazo hutofautiana. Mteknolojia wa kudumu hufundishwa kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Anayezunguka aghalabu hupewa siku chache tu, kwa kuwa analipwa ili kuziba pengo.

Sheria ya shirikisho ya maabara ya mwaka 1988, inayojulikana kwa kifupi kama CLIA, inataka kila mpimaji afundishwe na kuonyesha kuwa anakiweza kipimo kabla ya kutoa majibu ya mgonjwa. Katika mwaka wa kwanza umahiri wake hupimwa angalau mara mbili. Hivyo mtu mwenye uzoefu wa miaka 20 hujaza fomu zilezile za mafunzo hospitali baada ya hospitali.

Umuhimu wa fomu hizo unaonekana katika kipimo cha kawaida kabisa, kile cha potasiamu. Madini hayo yakizidi mno katika damu, moyo unaweza kusimama, na kwa hiyo majibu ya juu hupigiwa simu wodini papo hapo.

Lakini potasiamu inaweza kuonekana juu bila mgonjwa kuwa na tatizo lolote. Chembe nyekundu zikipasuka wakati damu inapochukuliwa, humwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake. Aidha, chupa yenye kifuniko cha zambarau huwa na dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo ni chumvi ya potasiamu. Anayechukua damu akimimina kidogo kutoka chupa hiyo kwenda nyingine, potasiamu hupanda na kalsiamu huporomoka kwa pamoja.

Mpimaji mzoefu akiona jozi hiyo hushuku mara moja na kuomba sampuli nyingine. Mwenyeji wa hospitali ana nyongeza: anajua ni wodi ipi huharibu sampuli mara kwa mara, na anaijua namba ya simu ya muuguzi wa zamu. Mgeni hana kumbukumbu hiyo. Majibu yasiyo sahihi yakipita, mgonjwa anaweza kupewa matibabu ya kushusha potasiamu asiyoihitaji, na ikishuka kupita kiasi nayo huathiri moyo.

Hali huwa nzito zaidi katika hospitali ndogo za vijijini. Zipo zinazotambuliwa na serikali kwa mpango wa mwaka 1997, zenye vitanda visivyozidi 25. Usiku, mteknolojia mmoja anaweza kushika vipimo vya damu, kemikali, mkojo na benki ya damu peke yake. Majeruhi wa ajali akiletwa akivuja damu, hakuna nafasi ya kusubiri kundi lake la damu lijulikane. Hutolewa damu ya kundi O hasi huku vipimo vikiendelea. Mgeni aliyefika juzi lazima ajue jokofu liko wapi, fomu ipi isainiwe na daktari, na nani wa kupigiwa simu akiba ikikaribia kwisha.

Malipo yana sehemu mbili

Chukulia mkataba unaotangaza dola 2,000 kwa wiki za saa 40. Mara nyingi kiasi hicho hugawanywa: mathalani dola 1,000 ni mshahara, sawa na dola 25 kwa saa, na dola 1,000 nyingine ni posho ya nyumba na chakula. Mshahara hukatwa kodi. Posho haikatwi, ila kwa sharti.

Sharti lenyewe ni kwamba mfanyakazi awe na makazi yake ya kudumu anayoendelea kuyagharamia wakati yuko safarini, na kazi isitarajiwe kuzidi mwaka mmoja mahali pamoja. Asiye na makazi hayo, kwa mfano mhamiaji anayelala bure kwa binamu yake kati ya mkataba na mkataba, huhesabiwa na mamlaka ya kodi kuwa mtu asiye na kituo, na posho yote hutozwa kodi. Wapo wanaoligundua hilo wakati wa kujaza hesabu za mwaka, fedha zikiwa zimekwishatumwa nyumbani.

Mshahara mdogo wa saa una athari nyingine. Michango ya pensheni ya serikali hukokotolewa kwa mshahara, posho ikiachwa nje. Malipo ya saa za ziada nayo yalikuwa yakikokotolewa hivyo hivyo katika mikataba mingi, hadi suala hilo lilipofika mahakamani. Februari 2021, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa, katika kesi ya Clarke dhidi ya AMN Services, iliamua kwamba posho zilizokuwa zikipunguzwa mfanyakazi asipotimiza zamu zilikuwa kwa hakika ujira, na zilipaswa kuingizwa katika hesabu ya saa za ziada.

Halafu kuna kuvunjwa kwa mkataba. Mikataba mingi huipa hospitali nafasi ya kuusitisha kwa taarifa fupi, wagonjwa wakipungua au mtu wa kudumu akipatikana. Mkataba wa dola 2,000 kwa wiki una thamani ya dola 26,000 ukifika mwisho. Ukikatwa wiki ya tano, mteknolojia amepata dola 10,000 na bado anadaiwa pango la chumba alichokodi kwa miezi mitatu. Wakati wa janga la UVIKO-19 malipo yalipanda sana. Baadaye yakashuka, na waliojipangia maisha kwa viwango vya wakati ule walijikuta pabaya.

Busara inataka msomaji wa mkataba aanzie kwenye vifungu viwili kabla ya kutazama kiasi cha fedha: saa zinazohakikishwa kwa wiki, na taarifa ya kusitisha ni ya siku ngapi.

Njia ya aliyesoma Afrika Mashariki

Tanzania husajili wataalamu wa maabara chini ya sheria ya mwaka 2007, na Kenya chini ya sheria ya mwaka 1999. Usajili huo hauhamishiki. Hospitali za Marekani hutaka cheti cha taaluma, hasa kile cha ASCP, ambacho katika ngazi ya mteknolojia humtaka mwombaji awe na shahada. Mwenye stashahada anaweza kuangukia ngazi ya chini, yenye malipo madogo. Juu ya cheti hicho, baadhi ya majimbo, yakiwamo California, New York na Florida, hudai leseni yao wenyewe.

Ujuzi wa nyumbani nao haupotei. Marekani hupata takriban wagonjwa 2,000 wa malaria kwa mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa nje ya nchi. Mtu aliyezoea kusoma vijidudu hivyo kwenye darubini huko Muheza au Kisumu ana jicho ambalo wenzake wengi hawana. Kinyume chake, itambidi ajizoeze vipimo vya nchi hiyo: sukari ya 5.5 kwa hesabu za Tanzania husomeka 99 huko.

Kikwazo kikubwa ni uhamiaji. Viza ya kazi ya H-1B humfunga mtu kwa mwajiri na mahali palipotajwa katika maombi, jambo lisiloendana na kuhama kila robo ya mwaka. Septemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza pia ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo. Kwa sababu hiyo kazi ya kuzunguka huwafaa zaidi wenye ukaazi wa kudumu au uraia. Hata wao, mawakala wengi huwataka wawe na uzoefu wa angalau mwaka mmoja au miwili katika hospitali za huko, hivyo aliyewasili karibuni huanza kwa ajira ya kudumu, mara nyingi zamu ya usiku.