Sakafu ya mbao: tuiamshe bila mafuta ya vidanje



Tangu mwaka 2025 familia nyingi zimetoka kambi za pembeni ya Goma na kurudi Masisi. Wenye kukuta nyumba zao za mbao zingali zimesimama, mara nyingi wamekuta sakafu nyeusi, yenye nyufa, na vichwa vya misumari vimejitokeza. Wengi wanafanya haraka: wananunua bido ya mafuta ya vidanje, yale meusi yanayotolewa ndani ya motere ya gari, na kuipaka sakafu yote.

Ni kweli, mafuta hayo ni ya bei ndogo na yanafukuza mchwa. Kwa nguzo za nje yanaweza kusaidia. Lakini ndani ya nyumba mtoto anatambaa juu yake, kisha anatia vidole kinywani. Mafuta hayo yamebeba mabaki ya vyuma na masizi ya motere, na kuyagusa mara kwa mara kwa miaka kunaweza kuleta kansa ya ngozi. Tena, verni haishiki juu ya mafuta.

Je, kama sakafu imekwisha kupakwa? Msikate tamaa: kila ubao una uso wa pili. Ng'oeni ubao polepole, mugeuze ule upande wenye mafuta uangalie chini, na mutengeneze upande safi.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Toeni vitu vyote, mufagie, mukaze mbao zinazotikisika. Pigeni kila msumari mpaka kichwa kizame kidogo. La sivyo utaharibu chuma cha rabo na kuchana miguu ya watoto.

2. Ufa mpana uzibwe kwa kijiti chembamba cha mbao, kilichopakwa kole upande mmoja tu, ili ubao uweze kuvimba na kunywea. Ufa mdogo uzibwe kwa unga wa mbao uliochanganywa na kole.

3. Piteni rabo au papiye-vere kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kwa kuzikata. Anzeni na namba 40 au 60, kisha 80, mumalize na 120. Namba ikiwa kubwa, papiye ni laini.

4. Fungeni kitambaa puani na kinywani, na watoto wapelekwe kwa jirani. Vumbi la mbao si uchafu tu: tangu 1995 limehesabiwa kati ya vitu vinavyoleta kansa, na lile la muvula linawasha ngozi na kukohoza. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu.

5. Pakeni verni nyembamba mara tatu. Kila mara ngojeni ikauke kabisa, mupitishe papiye laini, mupanguse, ndipo mupake tena. Milango iwe wazi na mbabula izimwe: verni inashika moto upesi, na nyumba ya mbao haingoji.

Kama mnatumia mafuta ya kitani pahali pa verni, vitambaa mulivyopakia musivikunje na kuvirundika. Vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandikeni nje kimoja kimoja vikauke.

Neno moja juu ya ubao wa kubadilisha. Muvula na libuyu kutoka misitu ya Walikale ni ngumu, na sakafu yake inaweza kupigwa rabo mara nyingi. Mikaratusi yetu inafaa pia, lakini ikipasuliwa mbichi na kupigiliwa mara moja, itapinda na kuacha nyufa. Ipangeni kivulini, na vijiti kati ya ubao na ubao, hewa ipite. Kwa unene wa sentimeta mbili na nusu, hesabuni karibu mwaka mmoja.

Rabo moja ni mali kubwa kwa nyumba moja, lakini inatosha kwa nyumba kumi. Basi katika kila kikundi chetu tuulizane nani anayo, nani anajua kuinoa, na nyumba gani ina mtoto anayetambaa. Hiyo ndiyo ianze.