Oili Kwenye Plagi: Tazama Kwanza Kabla ya Kufungua Injini

Safari hii tunaongea juu ya oili inayokutwa kwenye plagi za gari. Jambo hili linamhusu hata yule asiye na gari, kwa sababu Probox inayokwama kwenye mlima wa kutoka Salama kwenda Nunguni ndiyo hiyo hiyo inayompeleka mama mjamzito hospitalini na maparachichi sokoni. Tena magari mengi ya namna hii hununuliwa kwa mkopo wa Sacco au kwa pesa za kikundi cha mwethya. Fundi akisema, "Injini imekwisha, tufungue," wanakikundi huanza kutafuta mbuzi wa kuuza kabla ya kuuliza swali moja ambalo lingewaokoa: hiyo oili iko upande gani wa plagi?

Plagi ina pande mbili. Upande wa juu, wenye kauri nyeupe, uko nje ya silinda, nao hushikana na koili. Upande wa chini, wenye ncha ya kutoa cheche, uko ndani kabisa, pale petroli inapochomeka. Oili ikiwa juu, ugonjwa ni wa raba, na mara nyingi mbuzi mmoja hutosha kulipia spea na kazi. Oili ikiwa chini, ugonjwa ni wa injini yenyewe, na huo unaweza kumaliza ng'ombe wa maziwa.

Wenye Datsun 1200 za zamani hawakuijua sana shida ya kwanza, maana plagi zake zilikaa ubavuni mwa injini, wazi. Injini ya siku hizi, kama ile ya Probox ya petroli, ina valvu nne kwa kila silinda, na plagi imewekwa katikati, chini ya shimo refu linalopita kwenye kile kifuniko cha juu ambacho mafundi huita tapeti kava. Ndani ya kifuniko hicho oili inarukaruka muda wote ikilainisha kamshafti. Kinachoizuia isiingie shimoni ni raba ya duara tu. Miaka ikipita, joto huikausha raba hadi inakuwa ngumu kama biskuti, na oili inaanza kupenya pole pole.

Mwanzoni huoni kitu. Baadaye gari inamisi: inatetemeka ikiwa imesimama, na ukipanda mlima na abiria inakosa nguvu. Sababu ni kwamba oili hulainisha na kupasua mpira wa koili, na moto wa umeme unapita kwenye ufa kwenda kwenye ukuta wa shimo badala ya kufika kwenye ncha ya plagi. Taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Ukipimiwa kwa mashine, mara nyingi inatoa namba kati ya P0301 na P0304, na tarakimu ile ya mwisho inakuonyesha silinda yenye shida. Usiendelee kuendesha hivyo wiki nzima ati utatengeneza mwisho wa mwezi. Petroli isiyochomeka inaingia kwenye ekzosi na kuharibu kile kichujio cha moshi, ambacho ni ghali kuliko raba zote nne.

Kutazama ni rahisi. Injini iwe baridi. Ng'oa koili moja moja na umulike shimo kwa tochi. Usifungue plagi bado! Oili na mchanga ulioko shimoni vitaanguka ndani ya silinda. Vuta oili kwanza kwa bomba la sindano la mifugo lisilo na sindano, uliunganishe na mpira mwembamba, kisha ukaushe kwa kitambaa. Ukikuta maji wala si oili, kumbuka gari lilioshwa lini na nani alipiga injini kwa maji ya presha.

Sasa toa plagi. Kauri na nyuzi za juu zikiwa na oili, lakini ncha ni kavu na rangi yake ni ya kahawia hafifu kama chai ya maziwa, shukuru Mungu, ni raba. Ncha ikiwa nyeusi na imelowa oili, hapo raba mpya hazitaponya kitu. Angalia moshi. Moshi wa buluu asubuhi ukiwasha, kisha unapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Moshi wa buluu unaozidi ukipanda mlima unaelekeza kwenye ringi za pistoni. Mwombe fundi apime presha ya silinda, halafu atie kijiko cha oili humo na kupima tena. Presha ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, tazama valvu. Na hapa tuseme wazi: neno "ringi" linachanganya watu. Fundi akisema ringi, muulize ni zile za pistoni au ni raba za shimo la plagi.

Kazi ya raba yenyewe ni ya asubuhi moja. Tapeti kava inafunguliwa, raba za zamani zinatolewa, mpya zinasukumwa sawasawa, na gasketi ya pembeni inabadilishwa hapo hapo kwa sababu nayo ina umri ule ule. Katika injini nyingine raba zinauzwa peke yake, katika nyingine zimeshikana na gasketi au na kifuniko kizima, kwa hivyo beba namba ya injini ukienda kununua spea Kirinyaga Road Nairobi. Bolti zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda nje. Ni ndogo, na anayekaza kwa hasira atakata nyuzi za aluminiamu. Silikoni ipakwe pale tu ambapo kiwanda kiliipaka, kwa kawaida kwenye kona chache. Fundi anayepaka kila mahali kama siagi kwenye mkate anakutafutia shida nyingine: vipande vinaanguka kwenye oili na kuziba chujio la pampu.

Kabla ya kufunga, tazama valvu ndogo ya kupumulia injini. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili nje hata kwenye raba mpya. Katika magari mengi ukiitoa na kuitikisa inalia kachakacha, ikinyamaza, badilisha. Koili ambayo mpira wake umevimba pia ibadilishwe, la sivyo gari itaendelea kumisi na mtamlaumu fundi bure.

Oili chafu msiimwage kwenye vijito vyetu. Paka nguzo za boma, mchwa hawaipendi. Baada ya wiki moja ya kazi, ng'oa koili tena na umulike. Shimo likiwa kavu, kazi imekubali.