Bango kongwe la McDonald's lililoponea chupuchupu

KANDO ya barabara ya Lakewood mjini Downey, katika jimbo la California nchini Marekani, kungali kumesimama bango lenye urefu wa futi 60 ambalo wateja wengi wa McDonald's hawajawahi kuona mfano wake. Limepambwa kwa mpishi mdogo mwenye kichwa cha hambaga, aitwaye Speedee, ambaye miguu yake ya taa za neoni huonekana kana kwamba inatimua mbio.

Mbio hizo zina asili yake. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifungua mkahawa wao mjini San Bernardino mnamo 1940. Mwaka wa 1948 waliwaachisha kazi wahudumu waliopeleka chakula magarini, wakapunguza orodha ya vyakula na kuuza hambaga kwa senti 15. Speedee ndiye aliyekuwa nembo ya huduma hiyo ya haraka.

Hata hivyo, wepesi wa jikoni haungefaa kitu iwapo madereva wangepita bila kuuona mkahawa. Kwa sababu hiyo, Richard alibuni matao mawili ya rangi ya manjano, naye msanifu Stanley Meston akachora jengo ambalo matao hayo yalipenya paa lake. Jengo lenyewe likageuka kuwa bango! Yakitazamwa kutoka pembeni, matao hayo hufanana na herufi M, na hapo ndipo ilipochipuka nembo ya mwaka wa 1962, wakati Speedee alipostaafishwa.

Kufikia wakati huo, Ray Kroc, aliyekuwa mchuuzi wa mashine za kuchanganyia vinywaji, alikuwa amewanunua ndugu hao kwa dola milioni 2.7 mnamo 1961. Walisalia na mkahawa wao wa kwanza, lakini bila ruhusa ya kutumia jina lao wenyewe. Waliuita The Big M.

Mkahawa wa Downey, uliofunguliwa Agosti 1953, ulikuwa na leseni ya ndugu hao wala si ya Kroc. Kwa hivyo, matao ya kale yalipobomolewa kwingineko ili kupisha majengo ya kisasa, wenyewe hawakulazimika kufuata mkumbo. Lililoonekana kuwa ukaidi ndilo lililouhifadhi.

Kampuni iliutwaa mwaka wa 1990. Tetemeko la ardhi lilipouharibu Januari 1994, ilitangaza kuufunga, nao ukakodolewa macho na ubomozi. Wakazi walipinga vikali, na shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria likauorodhesha miongoni mwa maeneo 11 yaliyokuwa hatarini zaidi nchini humo. Hatimaye kampuni ilisalimu amri, ikaukarabati na kuufungua tena mwaka wa 1996.

Bango hilo linajigamba kwamba zaidi ya hambaga milioni 500 zimeuzwa, idadi ambayo kampuni hiyo iliipita zamani.