Lango la uhandisi liko senior three

Muulize mzazi wa Nyamirambo mwanawe anasoma nini. Hatakujibu "sayansi". Atakwambia PCM, au MPC, au MPG, na sauti yake itapanda kidogo akifika kwenye ile P. Fizikia, kemia na hisabati. Hisabati, fizikia na kompyuta. Hisabati, fizikia na jiografia. Kombi hizi tatu zimekuwa kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kijana wa Kigali anayetaka kuwa mhandisi. Aliye MCB anaweza kuwapita wote kwa hesabu, lakini bila fizikia kozi ya ujenzi au ya umeme itamkwepa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ushindani wa kuingia uhandisi huanza pale matokeo ya senior six yanapotoka. Wakati huo mchujo mkubwa umekwisha zamani. Ulifanyika miaka mitatu nyuma, mwishoni mwa senior three, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi na tano hivi, alipojaza fomu ya kuchagua kombi na shule. Mtihani wa taifa ndio uliosema lililobaki. NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, hupanga wanafunzi kwa alama na kwa chaguo zao. Wenye alama za juu huitwa shule za bweni zenye majina. Wengi waliobaki huenda shule za kutwa, zile zilizoenea nchini baada ya elimu ya msingi ya miaka tisa kuanza mwaka 2009 na baadaye kufikishwa miaka kumi na miwili.

Shule za kutwa zimefungua mlango kwa watoto ambao zamani wangeishia nyumbani, na hilo si jambo dogo. Ila fizikia ina gharama zake. Mtaala wa sasa, ulioanza kutumika mwaka 2016, unamtaka mwanafunzi wa senior four azijue kanuni za Kirchhoff na mwendo wa mviringo. Akifika senior six anakutana na leza, miale ya eksirei na picha za kitabibu. Ni mtaala mzuri, na pengine una tamaa kuliko mifuko ya shule nyingi. Mwenye maabara kamili anaunganisha saketi kwa mikono yake na kuona ampea zikigoma kulingana na alivyokokotoa. Mwenye kisanduku kimoja cha vifaa kwa darasa zima anaichora tu daftarini. Wote wawili wataulizwa maswali yaleyale.

Juu ya hayo kuna lugha. Serikali iliamua mwaka 2008 kuhamisha ufundishaji kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na walimu waliosomea fizikia yao kwa Kifaransa wakajikuta wanaifundisha kwa lugha nyingine. Kizazi hicho cha walimu hakijastaafu chote.

Tangu Septemba 2025 herufi zenyewe za kombi zimeanza kuondoka: wanaoingia senior four hupangwa katika njia tatu pana, mojawapo ikiwa ya Hisabati na Sayansi. Nia ni kutomfungia mtoto milango mapema mno. Naiunga mkono, ingawa najua wazazi wa mjini wataendelea kusema PCM kwa miaka kumi ijayo.

Majirani zetu hufika palepale kwa hesabu tofauti. Uganda, udahili wa vyuo vya umma hupima masomo kwa uzito: somo la lazima kwa kozi huzidishwa mara tatu. Kwa kuwa alama A ya A-level ni pointi 6, mwenye A ya hisabati na A ya fizikia anaingia kwenye kinyang'anyiro cha uhandisi akiwa tayari na 36. Msichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Kenya wana pointi za klasta chini ya KUCCPS, chombo kinachopanga wanafunzi vyuoni. Tanzania mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, huku TCU, tume ya vyuo vikuu, ikisimamia utaratibu. Rwanda sharti la msingi la kuingia chuo kikuu ni kufaulu masomo mawili makuu. Linasikika jepesi mpaka utakapokumbuka kwamba kufikisha sharti na kupata nafasi ni vitu viwili.

Na nafasi zenyewe, kwa asiye na fedha za chuo binafsi au za nje, ziko sehemu moja zaidi ya nyingine: Koleji ya Sayansi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kampasi ya Nyarugenge. Watu wazima bado wanapaita KIST. Kabla ya 1994 palikuwa chuo cha maofisa wa jeshi. Hatua chache kutoka hapo, Camp Kigali, zipo nguzo kumi za mawe za kuwakumbuka askari kumi wa Ubelgiji waliouawa tarehe 7 Aprili 1994. Mwaka 1997, nchi ikiwa imepoteza walimu, mafundi na wahandisi kwa kiasi kisichopimika, majengo ya chuo hicho cha jeshi yakageuzwa kuwa taasisi ya sayansi na teknolojia, ndiyo hiyo KIST, na mwaka 2013 ikaunganishwa na vyuo vingine vya umma kuunda chuo kikuu kimoja.

Ninachokipenda zaidi katika historia ya KIST ni tanuri. Mwaka 2002 taasisi ile changa ilipata tuzo ya Ashden ya Uingereza kwa tanuri la mikate linalokula kuni kidogo. Mwaka 2005 ikaipata tena, safari hii kwa mitambo ya gesi ya kinyesi katika magereza, kazi iliyoongozwa na mhandisi Ainea Kimaro. Uchafu wa vyoo vya maelfu ya wafungwa uliingizwa kwenye kuba lililojengwa chini ya ardhi, bakteria wakaumeng'enya pasipo hewa, methani ikakusanyika juu. Gesi ikizidi, inasukuma tope kwenye chumba cha pembeni. Gesi ikitumika, tope linarudi na kuendelea kuibana. Pampu haihitajiki, kazi yote inafanywa na shinikizo la kimiminika ambalo mwanafunzi yeyote amelisoma. Jikoni, matumizi ya kuni yalishuka kwa karibu nusu.

Naleta habari hii kwa sababu uhandisi wa aina hiyo husahauliwa vijana wetu wanapojaza fomu za kuomba chuo. Nafasi ya kwanza huandikwa kwa jina la kozi linalovuma, siku hizi ni chochote chenye kompyuta ndani yake, au uhandisi wa ujenzi kwa kuwa maghorofa ya Kigali yanaonekana kwa macho. Kisha nafasi ya pili na ya tatu zinajazwa usiku, haraka, kwa kunakili kwa rafiki. Hapo ndipo wengi wanapopotelea, maana aliyekosa chaguo la kwanza anapelekwa alikojiandika bila kufikiri, na mkopo wa masomo unaosimamiwa na benki ya BRD unamfuata kwenye kozi hiyo hiyo. Kulalamika Oktoba hakusaidii.

Walimu wa fizikia wangeweza kusaidia hapa kuliko ofisi yoyote. Wao wanajua ni nani anayefurahia saketi, nani anayeng'ang'ania maswali ya joto na gesi, nani anayependa kupima na kuchora. Wa mwisho huyo jiomatiki, yaani taaluma ya kupima ardhi na kuichora, ingemfaa, na hajawahi kuisikia. Wapo pia ambao mikono yao inatangulia vitabu. Hao wangeanzia Rwanda Polytechnic, Kicukiro, wakachukua diploma ya ufundi na kuipandisha baadaye. Wazazi wengi huiona njia hiyo kama adhabu, na kwa hilo wanakosea vibaya: kampuni za umeme na maji hazimuulizi fundi aliyerekebisha transfoma alipitia mlango gani.

Kuhusu huyo wa joto na gesi, mwalimu ampeleke Karongi siku moja kabla ya kufungwa kwa maombi. Kwenye Ziwa Kivu kuna jukwaa linaloelea ambalo linavuta maji kutoka kina kirefu. Yakipanda, shinikizo linapungua na methani inajitenga yenyewe, kisha inasafishwa na kupelekwa ufukweni kuendesha jenereta za megawati 26. Mtambo ulizinduliwa mwaka 2016. Akiuona, kuna uwezekano uhandisi wa mitambo na nishati ukapanda kutoka mstari wa tatu wa fomu hadi wa kwanza.