Masisi na Walikale: Madini yapo, minervali ni juu ya wazazi
Tangu 2019, shule ya msingi ya serikali ni bure nchini Kongo. Kwenye chuo kikuu, mzazi ndiye analipa. Familia nyingi za Masisi na Walikale hutegemea mavuno na mifugo, lakini vita vimewafukuza mashambani. M23 ilipoiteka Goma, mji wanakosomea vijana wengi, mwezi wa kwanza 2025, benki zilifungwa.

Ardhi yao si maskini. Koltani ya Rubaya, Masisi, iko mikononi mwa M23 tangu 2024. Walikale ina bati la Bisie, na sheria ya madini ya 2018 inaipa sekta yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Ila pesa hizo zimetengewa miundombinu: zinaweza kujenga darasa, si kumlipia mwanafunzi minervali.